Dawa ya kifafa kwenye mfuko wa mgonjwa wa kansa: usiitupe, soma hapa kwanza

Leo naomba tuongelee jambo linaloleta ugomvi kwenye nyumba nyingi zenye mgonjwa wa kansa, na wengi wetu hatulielewi vizuri.

Mgonjwa anatoka hospitali na mfuko wa dawa. Ndani kuna mofini ya maji, sawa, hiyo inaeleweka kuwa ni ya maumivu. Halafu kuna vidonge vidogo vinaitwa amitriptilini. Kijana wa nyumbani anakimbia kafe, analipia nusu saa, analiandika lile jina kwenye Google na kukutana na neno "sonona". Au mgonjwa kaandikiwa gabapentini, kijana anakuta "kifafa". Anarudi nyumbani na habari mpya: dokta anamwona mama amechanganyikiwa, au kampa dawa za mgonjwa mwingine. Dawa zinaishia kwenye shimo la takataka, na usiku mama anaendelea kulia.

Mara nyingi dokta hajakosea. Hizo zinaitwa dawa saidizi za maumivu, na kuna maumivu ya kansa ambayo bila hizo hayatulii hata umpe mofini kiasi gani. Mimi si daktari, nimemaliza kidato cha nne tu, lakini mambo haya yameandikwa kwenye miongozo ya kitabibu na ndo wanayoyafanya manesi wa huduma shufaa kila siku. Nimeyakusanya hapa kwa lugha yetu ili ukikutana na boksi la namna hiyo ujue pa kuanzia. Majina ya dawa nimeyaandika kwa matamshi yetu. Kwenye boksi yako Kizungu, kwa hiyo usinunue wala usilinganishe kwa kukisia, mpelekee mfamasia boksi lenyewe.

DAWA SAIDIZI NI NINI?

Ni dawa ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa ugonjwa mwingine, lakini ikaonekana inapunguza aina fulani ya maumivu, au inaifanya dawa ya maumivu ifanye kazi vizuri zaidi. Haichukui nafasi ya mofini. Mofini ndo fundi, hizi ni saidia fundi. Nyumba haijengwi na saidia fundi peke yake, lakini fundi asiye na wa kumchanganyia udongo naye hafiki mbali.

Jambo hili sio geni. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa kijitabu kuhusu maumivu ya kansa chenye ngazi ya vidato vitatu. Kidato cha kwanza ni dawa za kawaida kama parasetamoli na ibuprofeni, cha pili ni dawa za nguvu ndogo za jamii ya mofini kama kodeini, cha tatu ni mofini yenyewe. Watu wengi wanaikumbuka ile ngazi, lakini wanasahau kwamba kwenye kila kidato kuliandikwa kuwa dawa saidizi inaweza kuongezwa. Yaani huhitaji kusubiri mpaka mgonjwa afike kwenye mofini. Mwaka 2018 WHO walitoa mwongozo mpya ambao hauibani sana ile ngazi, unasisitiza zaidi kumwangalia mgonjwa mmoja mmoja, na dawa saidizi bado zimo.

KWA NINI MOFINI PEKE YAKE HAITOSHI

Kwa sababu maumivu sio ya aina moja, hata kwa mgonjwa mmoja.

Kuna maumivu ya kidonda na nyama. Uvimbe unakua, unabana, unachubua. Mgonjwa anasema panauma, panapwita, pazito. Hapa mofini inafanya kazi nzuri.

Kuna maumivu ya mfupa. Kansa ya titi na ya tezi dume zinapenda sana kuhamia kwenye mifupa: mgongo, nyonga, mbavu. Mgonjwa akilala ametulia ana nafuu, akijigeuza tu anapiga kelele.

Kuna maumivu ya mishipa ya fahamu. Hapa uvimbe umebana au umeharibu neva zenyewe. Kansa ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake hapa Tanzania, inaweza kubana neva za kwenye nyonga na maumivu yakateremka mpaka mguuni. Mgonjwa hasemi tu panauma. Anasema panawaka moto, panachoma kama pilipili, kuna shoti ya umeme, kuna ganzi lakini hiyo ganzi yenyewe inauma. Wengine hata shuka likigusa ngozi wanaruka. Dawa zingine za kemo nazo zinaharibu neva, na mgonjwa anaanza kuwaka nyayo na vidole. Aina hii ndo inayoisumbua mofini.

Kuna maumivu ya kusokota tumboni, na kuna ya kichwa yanayotokana na uvimbe ndani ya fuvu.

Ndo maana maneno ya mgonjwa ni kipimo. Ukimwambia dokta "anaumwa sana" umemwambia kidogo. Ukimwambia "anasema mguu wa kushoto unawaka kuanzia kiunoni, hasa usiku", umemwonyesha dawa ya kuchagua.

DAWA ZENYEWE

1. Amitriptilini. Kweli ilianza kama dawa ya sonona, miaka ya 1960. Lakini ina uwezo wa kutuliza taarifa za maumivu zinazopita kwenye neva, na uwezo huo unaonekana hata kwa mtu asiye na sonona kabisa. Angalia dozi utaona tofauti: kwa maumivu mara nyingi wanaanza na miligramu 10 hadi 25 usiku, wakati kwa sonona mtu anaweza kufika 75 mpaka 150 kwa siku. Haifanyi kazi siku hiyo hiyo, inaweza kuchukua siku kadhaa mpaka wiki mbili. Wengi wanaiacha siku ya tatu wakisema haina kitu. Inakausha mdomo, inaleta usingizi, choo kigumu, na kizunguzungu ukisimama ghafla. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au shida ya kukojoa kwa sababu ya tezi dume lazima aseme mapema. Ifungie mbali na watoto, ikizidi inaua.

2. Gabapentini na ndugu yake pregabalini. Hizi ni za kifafa. Kifafa ni umeme wa ubongo uliochachamaa, na maumivu ya neva ni umeme wa neva uliochachamaa, kwa hiyo dawa inayotuliza huku inaweza kutuliza na kule. Dozi inapandishwa polepole. Zinaleta usingizi na kizunguzungu, na mwenye figo dhaifu anapewa dozi ndogo. Haziachwi ghafla.

3. Karbamazepini. Hii nayo ni ya kifafa, ya zamani zaidi na ya bei nafuu. Ina tabia ya kupunguza nguvu ya dawa zingine, zikiwemo baadhi ya ARV, na inaweza kushusha chembe za damu, jambo ambalo si zuri kwa aliye kwenye kemo. Kama mgonjwa wako anatumia ARV, dokta lazima ajue kabla ya kuiandika.

4. Duloksetini. Ni ya sonona pia. Kwa maumivu ya neva yaliyoletwa na dawa za kemo, hii ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko wenzake.

5. Deksamethasoni. Hii inapunguza uvimbe wa maji unaozunguka kansa. Inasaidia kichwa kinachouma kwa sababu ya uvimbe wa ubongo, ini lililovimba na kujaza tumbo, na neva iliyobanwa. Mara nyingi inafanya kazi haraka, na inampa mgonjwa hamu ya kula. Ila madhara yake ni mengi: sukari inapanda, vidonda vya tumbo, utando mweupe mdomoni, misuli kulegea. Ndo maana mwongozo wa WHO unasema itolewe kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Inywewe asubuhi, ukiinywa jioni hulali. Na mtu akiitumia kwa wiki kadhaa haruhusiwi kuikata ghafla, inashushwa taratibu.

6. Dawa za mifupa, mfano zoledroniki asidi. Inaingizwa kwa dripu, mara nyingi kila baada ya wiki tatu au nne. Inapunguza kasi ya mfupa kuliwa na inasaidia maumivu. Figo zipimwe kwanza, na meno yaangaliwe kabla ya kuanza, kwa sababu kuna wachache ambao mfupa wa taya unaharibika, hasa wakingolewa jino katikati ya matibabu. Hapa niongeze kitu ambacho si kidonge: mionzi. Kwa mfupa unaouma, mionzi ya siku moja tu inaweza kutosha kutuliza, na WHO wanaipendekeza hiyo ya mara moja. Kama hamjaambiwa habari ya mionzi, ulizeni.

7. Hayosini, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Buscopan. Ni ya tumbo linalosokota. Haifai kwa maumivu ya mfupa wala ya neva, usipoteze hela.

8. Metronidazoli, yaani Flagyl. Hii haitulizi maumivu moja kwa moja. Lakini kidonda cha kansa kilichopasuka kinatoa harufu ambayo inamfanya mgonjwa ajifungie chumbani na ndugu wapunguze kuja. Manesi wa huduma shufaa wanasaga vidonge na kunyunyiza kwenye kidonda, harufu inapungua sana. Mtu akiweza tena kukaa na wenzake, hata maumivu anayabeba vizuri zaidi. Fanya hivyo kwa maelekezo yao.

Tuseme ukweli pia: kwa dawa za neva, namba 1 mpaka 3, ushahidi wa utafiti kwa wagonjwa wa kansa sio mkubwa kama wengi wanavyodhani, na mwongozo wa WHO wa mwaka 2018 haukuzipitisha wala kuzikataza. Kwa hiyo dawa inajaribiwa, inapewa muda wake, inapimwa. Ikisaidia inaendelea, isiposaidia inashushwa na kubadilishwa. Kinachoumiza ni kuitupa kabla haijajaribiwa.

BOKSI LILILOFUNGIWA KABATINI

Haya yalitokea kwenye familia yetu. Shangazi yangu alikuwa na kansa ya titi iliyofika kwapani, na mkono wote ukawa unamwaka. Mofini iliongezwa mara mbili. Akawa anasinzia mchana kutwa, lakini mkono uko vile vile. Hospitali wakamwongezea amitriptilini. Baba mdogo akaisoma ile karatasi ya ndani ya boksi, akaliweka boksi kabatini na kufunga. Alisema, "Dada yangu ana kansa, sio kichaa."

Wiki mbili baadaye nesi wa huduma za nyumbani alikuja kuhesabu dawa, akakuta boksi halijafunguliwa. Hakugomba. Alikaa kitandani akamwomba shangazi aeleze mkono unavyouma. Shangazi akasema ni kama amemwagiwa maji ya moto, halafu umeme unapita. Nesi akamgeukia baba mdogo: "Baba, huo umeme anaousema ndo kazi ya hivi vidonge. Hakuna aliyemwita mama kichaa."

Haikuwa muujiza. Baada ya kama siku kumi alianza kulala usiku mzima. Kwenye kipimo cha vidole alikuwa akitoa vinne, akashuka mpaka viwili, na mofini ikapunguzwa kidogo hivyo usingizi wa mchana ukaisha. Alifariki miezi michache baadaye, kansa yenyewe haikurudi nyuma. Lakini ile miezi alikuwa akikaa barazani jioni, anachambua mchele kwa mkono mmoja na kutupigia umbea. Zile wiki mbili za kabatini hakuna aliyemrudishia.

MOFINI NA WASINDIKIZAJI WAKE

Kuna dawa mbili ambazo mgonjwa wa mofini karibu lazima awe nazo. Ya kwanza ni ya kulainisha choo, kama bisakodili au sena. Mofini inafunga choo, na tatizo hili haliishi kwa kuzoea, kwa hiyo dawa hiyo inanywewa kila siku, sio mpaka mtu akae wiki bila kwenda. Papai na maji ni vizuri lakini mara nyingi havitoshi. Ya pili ni ya kichefuchefu, kama metoklopramidi, ambayo kwa wengi inahitajika siku chache za mwanzo tu. Watu kibao wanaacha mofini wakisema "imenikataa", kumbe kilichowashinda ni choo.

Na mofini ya maji inanywewa kwa saa, kila baada ya saa nne kama dokta hakusema vingine. Haisubiri mgonjwa alie kwanza. Dawa saidizi nazo zina saa zake.

USICHANGANYE HOVYO

- Tramadoli pamoja na amitriptilini au duloksetini inaweza kuleta degedege na hali mbaya ya mwili kutetemeka na joto kupanda. Tramadoli za mtaani zisiingie kabisa kwenye mfuko wa mgonjwa.
- Deksamethasoni pamoja na diklofenaki au ibuprofeni inaweza kutoboa tumbo na kuleta damu.
- Gabapentini na mofini pamoja zinaandikwa, ni kawaida, lakini dozi zinapandishwa polepole. Ukiongeza pombe au diazepamu juu yake pumzi inaweza kupungua mpaka hatari.
- Dawa za miti shamba: sisemi uache kila kitu, nasema mtajie dokta. Asichokijua hawezi kukikwepa.
- Usimpe mgonjwa wako dawa ya mgonjwa wa jirani eti kwa sababu wote wana kansa. Umeshaona hapo juu, maumivu yao yanaweza kuwa aina mbili tofauti.

HAPA HAKUNA KUSUBIRI KLINIKI

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo ukiona haya: maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo au choo (uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na ukichelewa kutembea hakurudi), kutapika na tumbo kuvimba bila choo wala upepo, na hapa usimwongezee dawa ya kuharisha, kutapika damu au choo cheusi kama lami, usingizi ambao hamwezi kumwamsha au pumzi za mbali mbali, mfupa uliovunjika kwa kujigeuza tu.

MASWALI YA KWENDA NAYO HOSPITALI

Nunua daftari la kurasa chache. Kila siku andika saa, dawa, na vidole. Kipimo cha vidole ni rahisi, kinatumika sana Afrika: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu makali kuliko yote. Siku ya kliniki uliza:

1. Hii dawa ni ya maumivu gani, ya mfupa, ya neva au ya nini?
2. Itachukua siku ngapi kabla hatujasema imeshindwa?
3. Ikileta usingizi sana tufanye nini?
4. Inaachwaje? Ghafla au kwa kushusha?
5. Inaelewana na dawa zake zingine, za presha, sukari, ARV?
6. Usiku akizidiwa tumpigie nani?

Haya maswali sio utovu wa adabu. Dokta mwenye foleni ya watu sitini anaweza kusahau kueleza, ila ukiuliza wengi wanajibu.

WAPI PA KUANZIA

Kwa Dar ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambako kuna huduma shufaa na mofini ya maji. Kanda ya Ziwa kuna Bugando, Mwanza, na kaskazini kuna KCMC, Moshi. Uliza neno "huduma shufaa", maana baadhi ya hospitali zina timu hiyo lakini usipoitaja hakuna anayekuelekeza. Kenya, Nairobi Hospice ipo tangu 1990. Uganda wao wametutangulia: Hospice Africa Uganda ilianzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993 mjini Kampala, na tangu 2004 sheria yao inaruhusu manesi waliosomea huduma shufaa kuandika mofini wenyewe. Maana yake mgonjwa wa kijijini hasubiri daktari aliyeko mjini. Hilo viongozi wetu walitazame.

La mwisho wadau. Ukiona kwenye mfuko wa mgonjwa wako jina la dawa usilolielewa, kulitafuta mtandaoni ni sawa, lakini ile mistari ya kwanza inakwambia dawa ilizaliwa kwa kazi gani, haikwambii dokta kaiandikia kazi gani leo. Kabla haijafika kwenye shimo la takataka, mpigie simu nesi, au mpelekee mfamasia. Ni swali la dakika tano, na mwenye kulipa bei ya kutouliza ni yule aliyelala ndani.

Kama una mgonjwa nyumbani na kuna dawa hamuielewi, andika hapo chini kwenye maoni (usiweke jina la mgonjwa), wapo manesi na wafamasia wanaopita humu wanaweza kutusaidia. Na nilipopungukiwa nirekebisheni.

Naomba kuwasilisha.